Sakafu ya bahari ikishazama huirudishi kwa maji

SWALI: Natengeneza modeli ya kisima cha haidreti ya methani baharini, yaani gesi iliyofungiwa ndani ya maji yaliyoganda kama barafu, ambayo presha ikishuka inayeyuka na kuachia gesi. Nikishusha presha ya chini ya kisima mpaka megapaskali 2 gesi inatoka nyingi ila sakafu ya bahari inazama. Mwenzangu anasema tuvute gesi kwanza, baadaye tujaze maji kwenye mashimo sakafu irudi. Inawezekana?

JIBU: Haiwezekani, na hilo neno "mashimo" ndo linanichosha maana nakutana nalo kila mara. Watu wanadhani haidreti ni kama mawe ya machimbo, ukiyatoa linabaki pango halafu dari linaporomoka. Hamna pango ndugu yangu. Haidreti imejibana katikati ya chembe za mchanga kama gundi, na uzito wa matabaka ya juu chembe zinagawana na maji yaliyo kati yake. Wewe ukivuta maji presha ikashuka, mzigo waliokuwa wanabeba wawili unamwangukia mmoja, chembe zinabanana na sakafu inaanza kuzama hata kabla haidreti haijayeyuka, ikiyeyuka sasa na gundi nayo inaondoka, ndo balaa zaidi. Zikishabanana hivyo, ukirudisha maji zinaachia kidogo tu.

Halafu mnaongea kama gesi na kuzama ni mizani, ongeza huku vumilia kule. Mchanga ukibanana vinjia vya gesi vinaziba, kwa hiyo kule kuzama kunakula gesi yako mwenyewe. Na hiyo 2 yako, haidreti ikiyeyuka inanyonya joto, ukienda chini ya kama megapaskali 2.6 unaingia eneo la maji kuganda, tabaka linaziba kwa barafu. Modeli yako inahesabu joto kweli? Shusha kwa hatua, ongeza eneo la kisima linalogusa tabaka badala ya kuvuta kwa nguvu. China mwaka 2020 walitumia kisima cha mlalo wakapata kama mita za ujazo 861,400 kwa siku 30, wakati jaribio lao la 2017 kwa kisima cha wima lilitoa kama 309,000 kwa siku 60.

Ila na hizo namba msizishangilie sana, kuna watu wanazunguka nazo wakiuza "barafu inayowaka" kama vile kesho inaingia jikoni. Japani 2013 kwenye bonde la bahari la Nankai walisimamisha jaribio lao baada ya siku 6 tu, mchanga umeingia kisimani. Na udongo wa mfinyanzi unaofunika tabaka unatoa maji polepole mno, unaendelea kushuka muda mrefu wakati mapicha ya moto wa gesi yameshapigwa na meli imeondoka, jaribio la mwezi halikuonyeshi hilo. Mtu akikuletea grafu ya gesi ya siku 30 muulize ya sakafu kwa miaka 10 iko wapi, na kama modeli yake ilichukulia mchanga ni mgumu kama chuma. Wengi hapo wanakumbuka wana kikao kingine.