Barua kwa mwanangu: nani alikuja matangani?

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako niliupata juzi jioni. Nilimpa mama yako asome, akaurudisha akasema, "Mjibu wewe, maana mimi nitamwambia asiende." Basi najibu mimi, na mama yako unamjua, atakupigia mwenyewe akimaliza kukasirika.

Umeniambia wamekualika uingie kwenye kamati ya vijana wa dini mbalimbali huko Eastleigh, Nairobi, Waislamu na Wakristo pamoja, kwa ajili ya amani na haki za binadamu. Unataka kujua kama vikundi vya namna hii vimewahi kuzuia mauaji hata ya mtu mmoja. Rafiki yako amekucheka, anasema huko ni chai, mandazi na bahasha ya nauli.

Mauaji yaliyozuiwa nitayahesabuje mimi? Aliyenusurika mwenyewe mara nyingi hajui kwamba alikuwa amepangiwa. Ninachokijua ni nani alikwenda matangani kwa nani, na hicho ndicho nitakachokueleza. Nyanya yako, Mungu amrehemu, alikuwa akisema dini ya mtu huonekana matangani kwa mwenzake. Umelisikia neno hilo tangu mdogo na utalisikia tena humu, univumilie.

Mwaka 1997 wewe ulikuwa mdogo, lakini najua unakumbuka wale watoto wa jirani waliolala chumbani kwenu, maana ulilia kwa sababu ya godoro. Usiku wa tarehe 13 Agosti kituo cha polisi cha Likoni, hapa kwetu Mombasa, kilivamiwa, askari wakauawa, bunduki zikachukuliwa, kisha vibanda na nyumba za watu wa bara zikaanza kuchomwa. Uchaguzi ulikuwa Desemba. Kila mtu mzima wa Likoni alielewa kwamba watu wakihama hawatapiga kura, na walikuwa wanajulikana watapigia nani. Jirani zetu walihamia kanisa la Katoliki pamoja na maelfu ya wengine, na huko nako wakafuatwa. Mwisho walipanda basi la kwenda bara na hawakurudi. Kabati lao mpaka leo liko kwa shangazi yako, halijauzwa, na hataki kusikia habari za kuliuza.

Ninachotaka ukione hapo ni hiki. Waliochoma walisema wanapigania haki ya mpwani, ardhi na kazi, na wengine wakataja dini. Masheikh walikuwapo, mapadri walikuwapo, kila mmoja nyumbani kwake akihuzunika. Hawakuwa na mahali pa kukutana. Padri hakuwa na namba ya simu ya imamu. Ni baada ya machafuko yale ndipo viongozi wa dini wa Pwani walipoanza kukaa pamoja mpaka kikapatikana chombo kinachoitwa Coast Interfaith Council of Clerics, Waislamu, Wakristo, Wahindu na hata wazee wa kaya, wale wa dini ya jadi ya Mijikenda, wakiwamo. Rafiki yako anayecheka chai na aniambie mwaka ule chai hiyo ingenywewa wapi, na nani angemkaribisha nani.

Sasa nije kwenye mwaka 2014, ambao wewe ulikuwa umeshaondoka nyumbani, na mengine sikukueleza.

Jumapili ya tarehe 23 Machi watu wenye bunduki waliingia kanisani Likoni wakati wa ibada wakapiga risasi. Walikufa watu sita. Ulimwona kwenye magazeti yule mtoto mchanga aliyebaki na risasi kichwani na mama yake akafa. Mtaa ulinyamaza. Sisi wazee wa msikiti tuliketi baada ya Alasiri tukaulizana: twende, tusiende? Wengine walisema tutapigwa. Wengine walisema tukienda itaonekana tunakiri kosa. Mimi nikawaambia neno la nyanya yako. Tukaenda tukiwa na kanzu na kofia zetu, kwa makusudi, ili tusionekane tunajificha.

Tulipofika kwa mmoja wa wafiwa, pale karibu na ile posho mill ya zamani, watu walitutazama tu. Bibi mmoja mzee aliyekuwa chini ya turubai akauliza, "Mmekuja kutazama au mmekuja kulia?" Nikamwambia, "Tumekuja kuketi, mama." Akasogea mkekani. Wiki ile mifereji ilikuwa mikavu, na matanga bila maji hayaendi, wapishi wanapika na nini? Msikiti una kisima. Vijana wetu, hao hao ambao mji mzima ulikuwa unawanyooshea kidole, walikokota mikokoteni ya mitungi ya maji asubuhi na jioni mpaka siku ya mazishi. Sijawahi kujivunia vijana wa mtaa ule kama siku zile. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wangu, mkaidi darasani tangu la nne, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika na mkokoteni kabla hakujapambazuka.

Tarehe 10 Juni mwaka huo huo akauawa Sheikh Mohamed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri, hapo hapo Likoni, akielekea kuswali Alfajiri. Alikuwa ameonywa na akaendelea kuwapinga waliokuwa wakiwavuta vijana kwenye vita vya Somalia. Siku ya pili mchungaji wa wale wafiwa alikuja nyumbani kwetu. Aliketi barazani muda mrefu, akakubali kahawa, akasema, "Mwalimu, leo zamu yangu." Hakuhubiri. Mama yako alimpa mahamri, na unajua mama yako hampi mahamri mtu ambaye hajampenda.

Ningeweza kuishia hapo ukafurahi, ukaenda kujiunga. Lakini kuna lingine, na bado linaniuma.

Mwezi Februari polisi walikuwa wameuvamia msikiti wa Masjid Musa, hapa Mombasa, na kukamata zaidi ya watu mia moja. Mwaka ule na miaka iliyozunguka, vijana wa Mombasa walikuwa wakichukuliwa na magari yasiyo na alama, wengine wakapatikana wameuawa, wengine hawakupatikana kabisa. Kijana mmoja wa mtaa wa pili kutoka kwetu alichukuliwa dukani. Mama yake alizunguka vituo vyote vya polisi na vyumba vya maiti akiwa na picha ya mwanawe ndani ya mfuko wa nailoni.

Baada ya msiba wa Sheikh tuliitwa kwenye mkutano wa viongozi wa dini, mimi nikiwa mwakilishi wa msikiti wetu. Tukaandika tamko la amani la kusomewa waandishi wa habari. Liliwalaani waliowaua waumini kanisani, na nililiunga mkono kwa moyo wote. Liliwalaani waliomuua Sheikh. Nikasimama nikaomba tuongeze sentensi moja: kwamba waliochukuliwa wafikishwe mahakamani au warudishwe kwa mama zao. Mama wa yule kijana alikuwa amekuja nami, ameketi nyuma karibu na mlango, picha mapajani. Mwenyekiti akasema hayo ni mambo ya siasa na usalama, na sisi tumekuja kwa ajili ya amani. Nikauliza, haki ya kufikishwa mahakamani imekuwa siasa tangu lini? Imo ndani ya Katiba, Kifungu cha 49, aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Hakuna aliyeniunga mkono. Yule mchungaji wetu, aliyekunywa kahawa barazani kwangu, alikuwa ameketi mkono wangu wa kulia. Alitazama meza. Tamko likasomwa bila sentensi ile, na mama yule akarudi nami kwenye feri bila kunena, mpaka ng'ambo.

Nilikaa na hasira hiyo muda mrefu. Nilijiambia: huyu tulimpelekea maji. Halafu najijibu: lakini kwani maji tulimpa mkopo? Alikuwa amezika watu wake miezi michache nyuma, na huenda waumini wake walikuwa wakimuuliza ni nani aliyewaletea hao wauaji. Kumtaka asimame hadharani amtetee kijana ambaye hajui alikuwa akifanya nini, ni kumtaka jambo zito. Halafu najijibu tena: na haki hiyo ya kortini imewekwa kwa ajili ya nani, kama si kwa mtu tusiyejua alikuwa akifanya nini? Tunayemjua kuwa mwema hahitaji kutetewa sana.

Kisha, miezi baadaye, mama yule alikuja kumsalimia mama yako, akasema katika mazungumzo tu kwamba mchungaji amekuwa akimsindikiza kituoni kila wiki kuuliza habari za mwanawe. Anavaa kola yake, anaketi naye kwenye benchi, anaandikisha jina. Hakumwambia mtu. Kijana hakupatikana mpaka leo. Lakini mchungaji alikwenda.

Sasa nimhukumu vipi? Alinyamaza palipokuwa na kamera, akaenda pasipo na mtu wa kumwona. Mama yako anasema alilofanya kituoni ndilo lenye uzito na mimi niache ubishi. Mimi nasema sentensi ile ingesomwa na viongozi wote kwa sauti moja, huenda aliyekuwa anayapanga magari yale angesita. Huenda. Ulimi wangu una hukumu tayari kuhusu mchungaji, na ninauzuia kwa sababu ya lile benchi tu.

Wala usinifahamu kwamba viongozi wa dini hawawezi kuisukuma serikali. Wanaweza, na tumewaona. Desemba 1999, Rais Moi alipotaka marekebisho ya katiba yabaki mikononi mwa Bunge, Wakatoliki, baraza la makanisa NCCK, baraza kuu la Waislamu SUPKEM na Wahindu walikutana Ufungamano House, Nairobi, wakaanzisha tume yao wenyewe, mwenyekiti wake Dakta Oki Ooko Ombaka, wakakusanya maoni ya wananchi. Serikali ikawa na tume yake. Profesa Yash Pal Ghai, aliyeteuliwa kuiongoza ile ya serikali, alishikilia pande mbili ziungane, na mwaka 2001 zikaungana. Nilikuwa bado nafundisha. Niliwaambia wanafunzi wangu wakumbuke kwamba waliona sheikh na askofu wakigoma pamoja.

Halafu ukaja mwaka 2010 na kura ya katiba mpya, na nyumba hiyo hiyo ikapasuka kwa sababu ya mahakama za Kadhi. Mahakama zilizokuwamo katika katiba tangu uhuru, za ndoa, talaka na mirathi, za Waislamu wanaokubali kwenda huko. Sijui zingemdhuru vipi mtu asiyekuwa Muislamu. Wakubwa wengi wa makanisa waliwaambia watu wapige kura ya Hapana, kwa ajili ya Kadhi na kwa ajili ya kifungu cha utoaji mimba, ambacho nakubali kwao kilikuwa jambo la imani. Tarehe 4 Agosti Katiba ikapita kwa karibu asilimia 67. Wakristo wengi tuliowafahamu walipiga Ndiyo. Lakini mazoea yale ya Ufungamano hayakurudi, na naamini ndiyo maana miaka minne baadaye, katika chumba kile cha mkutano, hatukuwa na pa kushika. Watu walikuwa hawajasameheana kura.

Ukitaka kuona waliofanya yote mawili, amani na haki, soma habari za Acholi, kaskazini mwa Uganda. Askofu Mkuu Odama wa Katoliki, Askofu Ochola wa Anglikana, ambaye mke wake aliuawa na bomu la kutegwa ardhini, na Sheikh Musa Khalil. Walikwenda msituni kuzungumza na waasi wa Lord's Resistance Army (LRA), na wakaikosoa serikali vilevile, wakashukiwa na pande zote mbili. Mwaka 2003, watoto wa vijijini walipokuwa wakitembea kila jioni kwenda mjini Gulu wakalale barabarani ili wasitekwe na waasi hao, viongozi hao walibeba magunia wakaenda kulala nao chini. Hawakungoja watoto wafe ndipo waende matangani. Nyanya yako angewapenda.

Kwa hiyo nijiunge, nisijiunge? Naliona swali lako limeketi palepale ulipoliweka. Wewe una miaka yako na akili yako, na mama yako ana hofu yake ambayo ni ya haki, maana Eastleigh ninaijua, polisi wanapofanya msako hawaulizi kamati yako ni ya nini. Mimi nisingependa kukuamulia, ingawa nimefuta hapa mara kadhaa mstari unaoanza na "Nenda."

Fanya hivi. Kabla hujawajibu, kutana na katibu wao umuulize mambo matatu. Mara ya mwisho mlikwenda pamoja kwenye msiba wa nani? Na akichukuliwa kijana Msomali wa mtaa wa saba usiku wa leo, kesho asubuhi Wakristo wa kamati wangapi watasimama naye kortini? Na ikipigwa kanisa, Waislamu wangapi watakuwa pale kabla ya waandishi wa habari? Asikupe maneno ya semina. Akupe mahali, na mwezi, na nani alikwenda. Uniandikie alivyojibu, neno kwa neno, tuyasome mimi na mama yako.

Shangazi yako anakusalimu. Amesema ukipata namba ya simu ya wale watoto wa jirani huko bara, umpe, kabati lichukuliwe na wenyewe.

Ni mimi babako.