Umeombwa utoe salamu kwenye msiba wa kochi wenu? Soma hapa kwanza

Juzi usiku nimekuta meseji ya kijana mmoja, anasema "dada shikamoo, kochi wetu wa sekondari amefariki, alikuwa anatufundisha na darasani pia, wenzangu wamenichagua mimi nitoe salamu za wanafunzi Jumamosi na sijui hata nianzie wapi, naomba msaada." Nimeisoma mara tatu nikashindwa kumjibu palepale, maana hiki kitu kimenikuta na mimi na niliharibu, so namjibu hapa ili na wengine wasome.

Mwalimu wangu alikuwa anafundisha Hesabu asubuhi, jioni anatukimbiza. Shule yetu ilikuwa Mbulu, juu huko kwenye baridi, kiwanja tumekichonga kwa majembe na upande mmoja kimeinama, hela ya chokaa hamna. Basi kila Ijumaa jioni Mwalimu anaenda jikoni kwa wapishi anaomba majivu, anayachekecha mwenyewe, halafu sisi wawili tunavuta kamba ya katani na yeye anatufuata ameinama na kopo la rangi alilolitoboa matundu chini, analigonga kidogo kidogo kwa kijiti, mstari unatoka mwembamba umenyooka. Mvua ikinyesha usiku, Jumamosi asubuhi unamkuta ameshaanza upya. Soksi zetu zilikuwa za kijivu hadi kwenye magoti na mpaka leo nikisikia harufu ya majivu ya kuni naona kiwanja kile.

Mzunguko wa kiwanja chetu ulikuwa mita 320, tuliupima kwa kamba, haukuenea 400. Akaugeuza kuwa swali la darasani: mtu anakimbia mita 1500, anazunguka mara ngapi na aanzie wapi? Mizunguko minne na mita 220. Ndo maana mstari wetu wa kuanzia ulikuwa nyuma ya vyoo vya wavulana na wa kumalizia chini ya mkaratusi, wageni walikuwa hawaelewi kabisa, sisi tulielewa kwa sababu tulilikokotoa wenyewe ubaoni.

Na alikuwa anatusimulia habari za Mzee John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu hapohapo. Wengi wanajua ile ya Olimpiki ya Mexico 1968, ameanguka, goti limeumia, limefungwa bandeji, anaingia uwanjani giza limeshaingia, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, lakini amemaliza marathoni yake. Mwalimu alikuwa akifika hapo haachi. Anasema nyie mnapenda kuishia kwenye bandeji, haya andikeni na hii, mwaka 1970 kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh huyohuyo alikuwa wa 5 kwenye marathoni. Alikuwa anakasirika kweli mtu akimkumbuka Akhwari kama mtu wa kuonewa huruma. Alikuwa mkimbiaji hodari, basi.

Nikiwa fomu tatu nilienda UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya, mita 1500. Nilikuwa nimesikia habari za Filbert Bayi wa Karatu, alivyoongoza mbio hizohizo toka mlio wa bastola kule Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974 akavunja rekodi ya dunia, dakika 3 na sekunde 32.2, John Walker anamfukuza nyuma na hampati. Nikasema na mimi ndo hivyo hivyo. Nimetoka kama mwizi anayefukuzwa, mzunguko wa kwanza nimewaacha wote, wa pili nimewaacha, wa mwisho miguu ikawa kama imejazwa mchanga, wamenipita watatu nikiwaona. Nilikaa chini nalia. Mwalimu akaja akachuchumaa, akachora namba kwenye vumbi kwa kidole, muda wangu wa kila mzunguko, akaniambia "Bayi alikuwa anazijua mbio zake toka mazoezini, binti, wewe leo umekimbia mbio za mtu mwingine." Akaninunulia andazi. Hakurudia tena hilo suala.

Sasa kijana wangu, ushauri wangu wa kwanza ndo huo hapo, umeshausoma. Usiandike sifa. Andika kitu alichokifanya kwa mikono yake, wewe ukakiona kwa macho yako.

Nakuambia hivyo kwa sababu mimi sikufanya hivyo na nitakueleza kwanini. Fomu four Mwalimu alinitoa kwenye timu. Nilikuwa na uhakika wa kwenda mkoani mwaka ule, nilishapunguza muda wangu, nilishajiona kabisa na jezi ya mkoa, na yeye mbele ya wenzangu akasoma majina nikawa simo. Nikamfuata, akasema Hesabu umepata 18, utakimbia ukishafaulu. Kwisha. Nilimchukia jamani, siwezi kudanganya. Nilimaliza shule sikumuaga. Nimeenda chuo, nimekuwa mhasibu, nalipwa kwa kazi ya namba, nimejenga, na miaka yote hiyo nilimpigia simu labda mara nne na zote ni za haraka haraka, "Mwalimu uko salama, haya nitakutafuta."

Septemba 2025, Jumatatu ya tarehe 15, naamka asubuhi nakuta simu imejaa, Alphonce Simbu ameshinda marathoni ya dunia Tokyo, saa 2 dakika 9 sekunde 48, na aliyemfuata, Mjerumani Amanal Petros, ana muda huohuo! Wametenganishwa kwa sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza kabisa ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Mtu wa kwanza kumkumbuka ni Mwalimu. Nikaona kabisa vile angeenda ubaoni, sekunde 0.03 kwa mwendo ule ni sentimita ngapi? (Ni kama 16 hivi, nimezipiga mwenyewe.) Nikasema nitampigia jioni nikitoka kazini. Jioni nikachoka. Kesho yake kikao. Wiki tano baadaye napigiwa mimi, naambiwa Mwalimu hatunaye.

Nikachaguliwa nitoe salamu za wanafunzi kwa sababu, walisema, wewe umesoma. Dakika 3. Nikakaa kwenye basi naandika kwenye simu, nikachukua maneno ya misiba yote niliyowahi kuhudhuria. Alikuwa mcheshi, mpenda watu, mchapakazi, ameacha pengo lisilozibika. Nimesimama chini ya turubai nikayasoma, hayakuwa uongo, lakini ungeweza kuyasoma kwa marehemu yeyote yule na yakatosha. Nikaona watu wanaangalia miguu yao. Nimeshuka, mama mmoja aliyekuwa mpishi wa shule enzi zetu, mzee sasa, akanishika mkono akasema "mwanangu, mbona hujasema ya majivu?"

Hilo swali sijapona nalo.

Baada ya mazishi mama mwalimu akaniita ndani, akatoa kaunta buku zake za mazoezi, ziko nne, zimefungwa kwa kamba ya kiatu. Kila mwanafunzi ana ukurasa. Tarehe, umbali, muda. Nikatafuta wangu. Muda wangu wote upo, hata wa siku ya andazi upo. Nikategemea ukurasa uishie siku aliyonitoa kwenye timu, haukuishia. Tarehe zinaendelea, kwenye safu ya umbali ameandika H, kwenye safu ya muda 18, halafu 23, halafu 31, halafu 44, na ile 44 ameizungushia duara kwa kalamu nyekundu, kama alivyokuwa anafanya mtu akivunja rekodi yake mwenyewe. Alikuwa anakusanya alama za majaribio yangu yote na mimi wakati huo simsalimii nikikutana naye kwenye korido. Mtihani wa taifa nilipata C ya Hesabu. Ndo hiyo C iliyonipeleka nilipo.

So nawaambia na nyie wengine mnaosoma hapa ambao hamna msiba wowote wiki hii, najua mko bize, najua mnapambana na maisha kama mimi, lakini kama yule aliyekukimbiza jioni bado yuko hai mpigie leo, usiseme jioni. Jioni niliisema mimi. Na kama ana deni na wewe, alikutoa timu, alikuchapa, alikunyima namba, muulize. Muulize akiwa anaweza kujibu. Mimi jibu langu nimelikuta kwenye daftari, nimelia nalo peke yangu, nikiwa na miaka yangu hii.

Mdogo wangu, turudi kwako. Una mpaka Jumamosi. Usiandike leo. Kesho nenda shuleni, ongea na mpishi, ongea na mlinzi, ongea na yule kijana wa timu ambaye hakuwahi kushinda, waulize walimwona akifanya nini. Chagua kimoja. Ukisimama, taja majina ya vitu, kama ni kamba sema kamba, kama ni uji sema uji. Soma taratibu, sauti ikikatika subiri, hakuna atakayekufukuza. Halafu uliza familia kama ana daftari, makochi wa shule karibu wote wanalo, na uombe lisitupwe na zile karatasi za mitihani.

Ukimaliza kuandika nitumie, hata kama ni usiku wa manane, nitaisoma.