Tutakaa Kisiwani Tukifanya Nini?

Barua za wasomaji zinajibiwa na muuguzi mkunga mstaafu, mzaliwa wa Njombe. Kila kipupwe yeye na mumewe huhamia Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi.

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 63, mume wangu 67, sote tulikuwa walimu na sasa tumestaafu. Tunaishi nje kidogo ya mji wa Njombe. Baridi ya Juni na Julai inanitesa magoti, na usiku hatulali mpaka tumeingiza jiko la mkaa chumbani. Nilisoma humu kwamba ninyi miezi hiyo mnahamia kisiwani. Nimemwambia mume wangu tujaribu, naye anasema: "Tutakaa kisiwani tukifanya nini? Nikae ufukweni natazama maji kama mtalii?" Nimjibu nini?
Mama wa Njombe

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na kamwene. Kabla ya kisiwa, tuzungumze jiko. Litoeni chumbani leo hii. Mkaa ukiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala hashtuki, anazidi tu kulala. Nilipokuwa kazini nimepokea watu walioletwa alfajiri wamebebwa na mablanketi yao, na wapo ambao hatukuwawahi. Vaeni soksi nzito, ongezeni blanketi, jazeni maji ya moto kwenye chupa mzifunge vizuri, mzifunike kitambaa na kuziweka miguuni. Jiko libaki nje, nakusihi.

Sasa tuje kwa mzee. Maneno yake nayajua, maana wangu aliyasema hayo hayo mwaka 2017, tena kwa sauti ya juu kuliko wako. Alikuwa bwana shamba kwa miaka 34. Kila asubuhi ya miaka hiyo alisoma kipimo cha mvua na kuandika kwenye daftari, hata baada ya kustaafu aliendelea kukisoma cha kwake nyuma ya nyumba. Bahari hakuijua, na asichokijua hakipendi. Alikubali kuja kwa sababu ya magoti yangu tu, na wiki ya kwanza alikaa kibarazani pa nyumba tuliyopanga vyumba viwili akihesabu siku za kurudi. Ilinisikitisha sana kumwona vile.

Kilichombadilisha ni kupwelewa, yaani maji kupwa na kuiacha mashua juu ya tope. Tulikuwa tumekwenda kisiwa cha Songo Mnara kwa mashua, sisi wawili, nahodha, na vijana wake wawili. Songo Mnara kuna magofu kama ya huku kwetu Kisiwani, kuta za matumbawe na chokaa zimesimama katikati ya miti. Nahodha alituita mara ya kwanza, akaita ya pili. Mume wangu alikuwa bado anapapasa nakshi za mlango, anataka kujua chokaa ile ilichomwaje. Tulipoondoka maji yalikwisha kuanza kupwa, na saa kumi jioni, karibu na mikoko, mashua ikagusa tope. Vijana wakashuka kusukuma, tope likawafika mapajani. Nahodha akawaambia waache. Akashusha tanga, akakaa.

Mashua ililala ubavu polepole, sisi tukahamia upande wa juu. Maji yalizidi kwenda, hadi pale tulipokuwa tunaelea nusu saa iliyopita pakawa uwanja wa tope unaong'aa, na kaa wadogo wakatoka kwa mamia, kila mmoja ameinua gando moja kubwa. Mikoko ilikuwa inalia, vile visauti vidogo vya tope linalokauka, pa, pa, pa. Tulikuwa na mihogo ya kuchemsha na chupa ya chai. Nilikuwa na hofu, sikufichi. Mume wangu akamuuliza nahodha: "Utajuaje yatarudi saa ngapi?" Akajibiwa: "Leo mwezi kumi na moja tangu kuandama, mzee wangu. Isha ikipita kidogo tutaondoka."

Saa haikutazamwa na mtu. Mwezi ulikuwa juu, mkubwa. Isha ilipokwisha kupita nikasikia maji yanaramba mbao chini yetu, kisha mashua ikajinyanyua yenyewe, taratibu, kama mtu anayeamka. Mume wangu hakusema neno njia nzima. Kesho yake alivuka bara kwenda Kilwa Masoko akanunua daftari gumu na kalamu mbili.

Daftari hilo liko mezani ninapoandika. Ukurasa una safu nne: tarehe, mwezi una siku ngapi tangu kuandama, maji yamejaa saa ngapi, yamepwa saa ngapi. Aliyoyapata humo wenyeji wanayajua tangu utotoni, lakini kwake yalikuwa mapya kabisa. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndiyo bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti yake pwani hii yapita mita 3. Katikati ya hapo ni maji mafu, hayendi mbali wala hayaji mbali. Na bamvua ya huku maji hukauka kama saa nne asubuhi. Ndiyo maana hapa ukimuuliza mtu tarehe, huenda akakuuliza kwanza unataka ya mwezi upi, wa kalenda ya ukutani au huu wa juu.

Basi mwambie mumeo hivi: kisiwani hatakaa anatazama maji, maji ndiyo yatampangia ratiba. Mtu aliyeishi na kengele ya shule miaka yote ile anateseka kengele ikinyamaza, na nadhani mumeo haogopi kisiwa, anaogopa siku tupu. Nakwambia kama mtu aliyeuona ugonjwa huo ndani ya nyumba yake. Hapa siku si tupu. Leo kuvuka ni asubuhi, wiki ijayo ni mchana, kesho samaki watafika mapema, keshokutwa watachelewa, na asiyefuatilia atakula mboga ya majani.

Mimi zamu yangu ni bamvua. Saa nne asubuhi tunashuka na akina mama kwenye mwamba, kanga zimefungwa juu ya goti, viatu vya plastiki miguuni. Viatu usiache, kuna wale viumbe weusi wa mviringo wenye miiba kama nungunungu, na mwiba wake ukivunjikia kwenye kisigino utautambua wiki nzima. Bibi jirani yangu, ambaye kwa umri ni kama dada yangu mkubwa, ndiye alinifundisha kumwona pweza. Humtafuti pweza mwenyewe, maana amejifanya rangi ya jiwe. Unatafuta uchafu wake: tundu ambalo mlangoni pamerundikwa vipande vya makombe na magamba ya kaa, vimepangika mno, huwezi kusema ni kwa bahati. Ukichokoa, mkono mmoja unatoka na kushika chuma chako kama mtoto anavyoshika kidole. Hapo ndipo subira. Ukivuta kwa nguvu anang'ang'ania mwamba, ukilegeza anatoka mwenyewe kutazama. Mwaka wa kwanza sikupata hata mmoja. Mwaka jana nilipata wanne katika bamvua moja, na bibi aliwatangaza kijiji kizima kabla sijafika nyumbani. Pweza apigwe vizuri kwanza ndipo apikwe, vinginevyo mtatafuna mpaka Isha, halafu tui zito na ndimu.

Magoti yako: siwezi kukuambia bahari inatibu, nilikuwa muuguzi na sitasema nisichokijua. Nakwambia langu. Njombe mwezi Julai siwezi kupiga goti kanisani. Huku natembea kwenye mwamba kwa muda wa saa mbili na kurudi na kikapu. Usiku shuka moja yatosha.

Mumeo kama alikuwa mwalimu wa historia, magofu yatampendeza. Husuni Kubwa kuna bwawa la kuogea lenye pande nane, la jumba la sultani wa karne ya 14, na msafiri Ibn Battuta wa Morocco alifika mji huu mwaka 1331. Urithi wa dunia tangu 1981. Mwambie pia kwamba sarafu za shaba za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye kisiwa cha kaskazini mwa Australia. Mume wangu husimulia hilo kila mgeni anapofika, na hakuna aliyewahi kueleza kwa uhakika zilifikaje. Anayezuru magofu huchukua kibali Kilwa Masoko kwanza, kabla ya kuvuka. Lakini usitegemee magofu yamshike wiki tatu. Siku tatu zatosha. Kitakachomshika ni watoto. Wakishajua kuna mwalimu, jioni watakuja na madaftari yao. Aende kwanza kumsalimu mwalimu mkuu, asije akaonekana anafungua shule yake.

Njia: kutoka Njombe waweza kupita Songea, Tunduru, Masasi hadi Mnazi Mmoja pale Mingoyo, kisha Lindi na Nangurukuru, au upite Dar es Salaam ukavuke Rufiji kwa Daraja la Mkapa. Sisi tunapita Songea, ni lami, na pembeni mwa barabara ukianza kuingia kusini unauziwa ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha. Msitoke kabla masika hayajaisha vizuri. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya kutoka Dar, na watu walilala njiani. Mkifika, nendeni moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji mjitambulishe. Chukueni gunia la viazi. La kwetu la kwanza tuligawa nyumba kwa nyumba, na tangu siku hiyo sijawahi kununua nazi kwa jirani zangu, kila nikitoa pesa wananikemea. Juni 2024, Idd el-Hajj, sisi Walutheri tuliletewa sahani tano za pilau, na hapakuwa na mahali pa kuziweka.

La mwisho ni la kazi yangu. Sisi wa nyanda za juu miili yetu haijazoea malaria, na pwani ya kusini ipo. Laleni ndani ya chandarua kila usiku, hata wa upepo. Mkirudi Njombe na homa ikaja, hata wiki tatu baadaye, mwambieni daktari mlitoka pwani ili apime haraka. Dawa za presha beba za miezi yote. Na kama mmoja wenu ana moyo mgonjwa, pangeni Masoko, mvuke Kisiwani mchana tu. Kusi ikivuma usiku hakuna wa kukuvusha, na Hospitali ya Kinyonga iko Kilwa Kivinje, ng'ambo, bara.

Anzeni na wiki tatu. Mnunulie daftari, lakini usimpe. Liache mezani.

SWALI: Mama, sisi tuko Mafinga, baridi ni ile ile. Binti yetu anaishi Mtwara mjini na anatusihi twende kwake. Je, tutakosa nini tusipofika Kilwa?
Mzee wa Mafinga

JIBU: Hamtakosa kitu, kaka. Nendeni kwa binti, ila msishinde kwake. Tulikaa Mikindani wiki mbili mwaka 2022, na ghuba ile asubuhi, ngalawa zikiwa zimelala juu ya mchanga, mume wangu aliipenda kuliko nilivyotaka aipende. Boma la Wajerumani la 1895 liko juu ya mji, na hapo Mikindani ndipo Livingstone alianzia safari yake ya mwisho mwaka 1866. Siku nyingine pandeni kivuko cha Msangamkuu mkale samaki ng'ambo. Msimbati ni mbali kidogo na njia ina mchanga, lakini fukwe yake sijaona mfano. Binti akikataa msitoke peke yenu, mwambieni mimi nimeruhusu.

SWALI: Na nyumba mnamwachia nani? Kuku je?
Msomaji, Makambako

JIBU: Kuku tunauza wote mwisho wa Mei, tunabakiza jogoo na mitetea mitatu kwa jirani. Yeye ndiye mwenye ufunguo. Kipimo cha mvua pia anakisoma yeye, mume wangu alimfundisha, na kila Jumapili baada ya ibada ananipigia simu. Jumapili iliyopita alisema kabichi zimeganda barafu, jogoo ni mzima, na mvua ni sifuri. Mume wangu akaiandika hiyo sifuri kwenye daftari la maji, pembeni, kwa kalamu nyekundu.