Jibu: Kuajiriwa kuandika programu baada ya uzamili Marekani

Ndugu yangu, umeuliza kama mwanafunzi wa kigeni akimaliza uzamili wa uhandisi wa kompyuta Marekani anaruhusiwa kuajiriwa, au anafungasha virago siku hiyohiyo. Anaruhusiwa. Kibali cha OPT, kinachomruhusu mhitimu kufanya kazi kwa muda katika fani aliyosomea, humpa miezi 12, na kwa fani za sayansi na uhandisi kinaweza kuongezwa 24. Ila nyongeza hiyo inataka mwajiri aliyejiandikisha kwenye E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki wafanyakazi. Liulize hilo mapema kwenye usaili, usione haya. Na hesabu siku: katika ile miezi 12 ya kwanza huruhusiwi kukaa bila kazi zaidi ya siku 90. Nakusihi uanze kuomba kazi kabla hata ya muhula wa mwisho.

H-1B, viza ya kazi ya wataalamu wa kigeni ambayo wengi huitafuta OPT ikiisha, ndiyo inayoumiza. Nafasi ni 65,000 kwa mwaka, na 20,000 za ziada kwa waliosoma uzamili au uzamivu hukohuko. Waombaji huzidi nafasi, kwa hiyo hata hodari hukosa. Lakini vyuo vikuu havibanwi na kikomo hicho, navyo vinahitaji waandika programu. Mara nyingi mshahara ni mdogo kuliko wa kampuni, ila mlango huo wengi hawaupigii hodi.