Kocha wetu anakwenda kwa watani, tumfanyeje?

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mweka hazina wa timu ya mtaa hapa Manzese, Dar es Salaam. Kocha wetu tuko naye mwaka wa nne sasa. Alitukuta tunafungwa na kila anayepita, akatufikisha robo fainali ya ndondo, mashindano ya timu za mitaani, mara mbili. Wiki iliyopita kijana wetu mmoja wa bodaboda alimwona kwa mama lishe, ameketi na mwenyekiti wa timu ya ng'ambo ya barabara, watani wetu tangu tukiwa watoto, wanakula wali samaki na kucheka. Tangu siku hiyo kijiweni hakukaliki. Wengine wanataka ukuta wa nyumba yake uandikwe "msaliti". Wengine wanataka mwanawe, anayecheza kikosi chetu cha watoto, atolewe. Mwenyewe hajasema kitu, mazoezini anakuja kama kawaida. Mkataba hana, tulikubaliana shilingi 5,000 za nauli kila mazoezi, ingawa tangu mwezi wa tano mfuko umekauka na hatujampa. Jumapili ijayo tunacheza na watani hao hao. Nimeumia, Mwalimu, usiku silali. Tumfanyeje mtu huyu?

Mpenzi wa timu, Manzese

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kukosa usingizi kwa ajili ya timu si jambo la kuonea haya. Mimi nimekulia Ngamiani, Tanga, mji wa Coastal Union na African Sports, na nimeona ndugu wa tumbo moja wakinuniana wiki nzima kabla ya mechi ya uwanja wa Mkwakwani. Kocha akihamia mkoa mwingine mnamuagia stendi. Akivuka barabara anavuka na siri zenu: anajua beki wenu wa kulia hana mguu wa kushoto, anajua kipa anaiogopa mipira ya juu, anajua nani akizomewa dakika kumi za kwanza haamki tena.

Kwa wachezaji tumeshazoea. Haruna Niyonzima alitoka Yanga kwenda Simba mwaka 2017, Bernard Morrison akapita njia hiyo hiyo 2020, Clatous Chama akaipita kinyumenyume 2024, na watu wazima wenye wajukuu walilia. Lakini kocha anauma kwa namna yake. Mchezaji mlimshangilia, kocha mlimsikiliza.

Nakupa kisa cha Uingereza kwa sababu kinafanana na chako kuliko unavyodhani. Portsmouth na Southampton ni miji miwili ya bandari pwani ya kusini, kama kilomita 30 kati yao, na hawapatani kabisa kwenye mpira. Harry Redknapp aliipandisha Portsmouth Ligi Kuu mwaka 2003. Novemba 2004 akaondoka. Wiki mbili tu baadaye, tarehe 8 Desemba, akatangazwa kocha wa Southampton. Watu wa Portsmouth wakamwita Yuda. Aprili 2005 akarudi Fratton Park, uwanja wa Portsmouth, akiwa kwenye benchi la wageni, na kelele alizopokewa nazo hazisemeki. Portsmouth wakashinda 4-1, mabao yote manne kabla ya mapumziko, mawili yakiwa ya Lomana LuaLua, mzaliwa wa Kinshasa. Mwezi uliofuata Southampton ikashuka daraja baada ya miaka 27.

Kisa hiki wengi wanakisimulia wakiishia hapo, kwenye kisasi. Mimi narudi nyuma, Novemba 2004. Kwa nini aliondoka? Mwenyekiti Milan Mandarić alikuwa amemleta Velimir Zajec kuwa mkurugenzi wa mpira, na Redknapp hakukubaliana na mpango huo. Watani hawakumvuta kwanza. Kilichoanza ni ugomvi wa nyumbani.

Sasa isome tena barua yako. Mambo ya wali samaki umeyaeleza vizuri mpaka nimesikia harufu. Deni la nauli umelipitia mbio mbio, katikati ya sentensi, kama mtu anayevuka barabara magari yanakuja. Tangu mwezi wa tano! Mazoezi mara tatu kwa wiki ni shilingi 15,000, kwa mwezi ni 60,000, na wewe ndiye unayeshika daftari. Mtu huyo anakuja mazoezini kwa mfuko wake, halafu kijiwe kinahesabu ni nani aliyemnunulia chakula cha mchana. Sikugombezi, mwanangu, najua mfuko ukikauka umekauka. Ila kabla neno "msaliti" halijafika ukutani, deni hilo lisomwe mbele ya wote kijiweni, kwa sauti.

Na huo ukuta, hapana. Mwaka 2021, Rafael Benítez, aliyeipa Liverpool ubingwa wa Ulaya 2005 kule Istanbul, alipokuwa anakaribia kuchukua Everton, watani wa Liverpool wa mji mmoja, mtu alitundika bango jirani na nyumbani kwake: tunajua unakoishi, usisaini. Familia yake ilikuwa inaishi huko. Uwanjani zomea mpaka sauti ikauke, ni haki yako, umelipa kwa moyo wako. Nyumbani kwa mtu kuna mama anayepika na mtoto anayefanya hesabu za shule.

Benítez alisaini, na Januari 2022 Everton wakamfukuza, hata miezi saba haikutimia. Alex McLeish alitoka Birmingham City kwenda Aston Villa, watani wa mji mmoja, Juni 2011, na mashabiki wa Villa wenyewe ndio walioandamana kumkataa. Alimaliza msimu mmoja, nafasi ya 16, akaondolewa. Wale wa ng'ambo, kocha wenu akipoteza mechi mbili tu, watasema ametumwa na nyinyi. Hilo mwambieni, na mwambieni kwa upendo, kwa sababu huenda hakuna mwingine atakayemwambia.

Huyo McLeish, kujiuzulu Birmingham alijiuzulu kwa barua pepe. Hapo ndipo ninapokuwa mkali, na nina sababu.

Miaka ya tisini nilifundisha timu ya mtaa Tanga, misimu mitatu. Wapinzani wetu wakaniita, nikaenda, nikakubali. Kuhama kwenyewe sikujutii. Walikuwa na mipira sita na sisi tulikuwa na mmoja wa kushonwa. Ninachojutia ni siku kumi na nne nilizonyamaza. Nilikuwa napanga kikosi huku najua siku zangu zimekwisha. Vijana walizisikia habari kwa muuza kahawa. Kipa wangu alikuwa jirani, ukuta kwa ukuta. Nilimfundisha kudaka tangu ana miaka kumi na mbili. Aliacha kunisalimia. Si kwa mwezi, si kwa mwaka. Alipofiwa na mama yake nilikwenda kuzika, akanipa mkono bila kuniangalia usoni. Ningemwambia mimi mwenyewe, jioni moja tu, baada ya mazoezi, angekasirika na angenielewa.

Kwa hiyo msingoje muuza kahawa. Kesho jioni nendeni watu watatu, wewe, nahodha na mzee mmoja wa mtaa mnayemheshimu. Msiende na kundi. Muulizeni kama amekubaliana na wale, na kama Jumapili atakaa benchi lenu au la. Mwacheni ajibu mpaka amalize. Akisema anabaki, mwandikieni makubaliano, hata kwenye karatasi ya daftari, na kiasi mnachoweza kweli kulipa. Akisema anakwenda, ombeni awaage wachezaji kwa mdomo wake kabla ya Jumapili, na Jumapili msaidizi wake apange kikosi. Na kipa anayeogopa mipira ya juu mbadilisheni, maana siri yake imeshatoka.

Nauli ifungeni kwenye bahasha muende nayo, na kama haitoshi itajeni iliyobaki na siku ya kuilipa. Isiwe chambo cha kumbakisha. Mkabidhini kabla hajajibu swali lolote.

Mtoto asiguswe. Umesema yuko kikosi cha watoto, basi mazoezi yao yajayo apangwe namba yake ile ile, na wewe uwepo pembeni ya uwanja, wale wa kijiweni wakuone unampigia makofi.