Balbu ya bandani iacheni

Mhariri, wiki hii mmeuliza kwa nini bado kuna nyumba zinazotumia balbu za zamani wakati za LED zimejaa madukani. Swali limenigusa, maana ni kama linadhani wenye balbu hizo hawajaelimika. Mimi ningeuliza kwanza: balbu hiyo inafanya kazi gani pale ilipo?

Kwetu Uyole, Mbeya, mwezi wa saba baridi haina mchezo. Mama analea vifaranga kwa balbu ya wati 100, ile ya waya unaowaka, ambayo umeme wake mwingi hutoka kama joto. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi joto kama 33. Mwaka juzi kaka yangu alikuja kutoka Dar es Salaam na boksi la LED, akabadilisha nyumba nzima hadi bandani. Nia yake ilikuwa njema. Dar joto la balbu ni kero. Usiku ule mama alichungulia dirishani, akaona banda linang'aa kuliko siku zote, akalala ameridhika. Asubuhi vifaranga walikuwa wamelaliana kwenye kona moja, wa chini wameshakufa. Mama akagusa balbu: ya baridi. Hakumgombeza mtu. Aliagiza maji yachemshwe, yakatiwa kwenye madumu, madumu yakafungwa khanga kuukuu na kupangwa katikati ya waliobaki. Kaka alishinda bandani hadi jioni akibadilisha maji. Bado naumia nikikumbuka.

Nilikaa kuandika ili niwaambie muache balbu za watu. Lakini nimepiga hesabu. Wati 100 usiku na mchana ni uniti 2.4, wiki tatu za kulea, uniti 50. Mama yuko kwenye bei nafuu ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, mwisho uniti 75 kwa mwezi, na akivuka hapo bei inapanda vibaya. Taa sita za wati 60, zikiwaka kwa saa tano kila jioni, zinakula uniti 54 kwa mwezi. LED za wati 9, uniti 8 tu. Yaani nyumba yenye balbu za zamani kila chumba haiwezi kulea vifaranga bila kuvuka.

Basi badilisheni sebuleni, vyumbani, jikoni, hata chooni, ili uniti zibaki kwa ajili ya banda. Bandani iachwe ile ya wati 100, na jiko la mkaa liwe tayari umeme ukikatika usiku, mradi hewa inapita. Hesabu hii ni ya nyumba isiyo na friji wala pasi ya kila siku. Aliye navyo apige yake.