Dogo, faundesheni ya sayansi ya tiba sio njia ya panya ya kuingia udaktari

Nimesoma meseji yako kwenye grupu la familia, na nimesoma na zilizofuata chini yake, makopakopa na hongera daktari mtarajiwa, shangazi ameshaanza na kuuliza dozi ya presha. Kwa wale mliokuwa mmelala, dogo kauliza hivi: kuna wakala kamwambia ukija Uingereza unasoma faundesheni ya sayansi ya tiba mwaka mmoja tu, ukimaliza unaingia udaktari moja kwa moja, na huku unapiga kazi unajilipia ada mwenyewe, kwa iyo baba auze kile kiwanja walau ilipwe ya mwaka wa kwanza. Akamalizia na "si ndo njia uliyopita dada?"

Ndio, ndo niliyopita. Niko mwaka wa mwisho sasa na sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba nasomea udaktari, hilo mlinipachika wenyewe na kila nikikanusha mnasema huyu naye anajishusha. Baba mdogo shikamoo, najua na wewe unapita humu, nitasema kwa adabu ila leo nasema yote.

Hii kozi ni digrii ya miaka minne. Mwaka wa kwanza ndo huo faundesheni, wengine wanauita mwaka sifuri, ni wa mtu mwenye kidato cha nne au ambaye masomo yake ya kidato cha sita hayakuendana na wanachotaka huku. Baada ya hapo miaka mitatu ya fiziolojia, famakolojia, jenetiki, mikrobaiolojia, takwimu nyingi kuliko ulivyozoea, unatoka na digrii ya sayansi. Ni kozi nzuri, naipenda kweli. Ila ukimaliza huruhusiwi kumwandikia mtu hata dawa ya mafua. Daktari wa huku anasajiliwa na GMC, baraza la madaktari la Uingereza, na anatoka kwenye shule ya udaktari, kozi yake namba yake ya kawaida ni A100, miaka mitano au sita, vyuo karibu vyote vinataka mtihani unaitwa UCAT, na nafasi za wageni zimewekewa kikomo kidogo. Ipo kweli faundesheni ya udaktari wenyewe, lakini hizo nyingi wametengewa vijana wa hapahapa waliosoma kwenye mazingira magumu, wewe mgeni hata fomu hawaiangalii. Kuna vyuo vinaruhusu wachache wenye alama kali wahame kutoka sayansi ya tiba kwenda udaktari, na hapo napo soma masharti maana mara nyingi mgeni hayumo. Au unamaliza digrii yako ndo unaomba udaktari wa miaka minne wa wenye digrii, ukitafuta pa kukubali wageni, na ada ya mgeni kwenye udaktari vyuo vingi imevuka pauni 40,000 kwa mwaka. Sasa huyo wakala "moja kwa moja" yake inapitia wapi?

Lakini hilo unaweza kulisoma mwenyewe kwenye tovuti za vyuo. Kilichonipandisha mori ni hapo kwenye kujilipia ada. Kaa tupige hesabu, si unataka sayansi.

Wewe una miaka 19. Kima cha chini cha mshahara huku kinaenda na umri, mtu wa miaka 18 mpaka 20 toka Aprili 2026 ni pauni 10.85 kwa saa, wa 21 kwenda juu ndo 12.71. Kazi ileile, kuinama kulekule, wewe unalipwa pungufu na ni halali kabisa. Viza ya mwanafunzi wa digrii inakupa masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Ishirini mara 10.85 ni 217. Kwa mwezi ukichukua wastani ni kama 940, hapo hujaumwa wala hujawa na mtihani. Na serikali yenyewe, kabla haijakupa viza, inataka ione benki hela ya kuishi kwa miezi tisa, 1,171 kwa mwezi kama chuo kiko nje ya London, 1,529 kama ni London, na hizo hela ziwe zimekaa siku 28 bila kushuka. Umeona? Wao wenyewe wanajua kwamba kuishi tu ni zaidi ya unachoweza kuzalisha. Ada ya mgeni ni maelfu kumi na kitu mpaka ishirini na kitu ya pauni kila mwaka, mara nne. Likizo unaruhusiwa kufanya kazi muda wote, ndio, na hiyo hela ya likizo ndo inakuja kuziba mashimo ya muhula, haifiki hata kwenye ada.

Na kama wakala kakuuzia ile faundesheni ya chuo cha pembeni, ambayo ni cheti peke yake sio sehemu ya digrii, jua kozi ya chini ya digrii masaa ni 10, kumi tu, na ukimaliza unaomba viza upya na unalipa upya. Muulize hilo, atakujibu "tutaangalia."

Halafu kuna watu watakwambia fanya kazi kwa jina la mtu, kodi akaunti ya mtu ya app ya kupeleka chakula, ubebe chakula na baiskeli. Mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri, baiskeli hiyo ni kujiajiri. Na wiki ya hayo masaa ya viza inahesabiwa Jumatatu mpaka Jumapili, ukiingia shifti Jumapili usiku masaa ya baada ya saa sita yanaingia wiki inayofuata, kuna watu wamepitiliza kwa hilo tu. Usicheze na hapo. Sitaki kusikia.

Mnaniuliza "kazi gani" kila siku na mimi nasema "hospitali hospitali." Sio hospitali. Ni nyumba ya wazee. Usiku mbili za masaa kumi, wiki imeisha. Kazi yenyewe ni kumgeuza mtu kila masaa mawili asipate vidonda vya mgandamizo, unajaza chati umemgeuza upande gani saa ngapi, unabadilisha pampasi, unafuta, unarudi kwa wa kwanza. Kuna mzee kumeza kumemshinda, chai yake tunaikoroga na unga maalumu inakuwa nzito kama uji, usipopima sawasawa inaingia kwenye mapafu, basi nakaa naye kijiko kimoja kimoja na huyo mzee ananishukuru kila kijiko. Na chumba cha jirani yuko bibi kila nikiingia anasema walete mwingine, sio huyu, na anamaanisha rangi. Mwenzangu aliyezoea ananiambia mpuuze, ana ugonjwa wa kusahau. Anasahau jina la mwanae ila hilo halisahau. Unamgeuza hivyohivyo, unamfunika, unaandika kwenye chati saa nane usiku upande wa kushoto.

Asubuhi naingia maabara na pipeti mkononi, maikrolita 20 kwenye kila kitundu na vitundu ni 96, ukirudia kimoja mara mbili majibu yote yameharibika, macho yanaungua. Nikifungua simu nakuta "daktari wetu, tumekwama kidogo." Natuma. Sijui kwa nini nawaambia watu wasitume wakati mimi natuma, mwezi uliopita nimetuma kabla sijalipa chumba. Sio kwamba nalalamika, mama mdogo usije ukapiga simu unalia, nyie ndo mlinichangia tiketi na hilo silisahau. Ila jamani neno "kidogo" mlitumie kwa uangalifu.

Sasa wewe dogo. Kwa maoni yangu usije. Na kama utakuja, njoo umejipanga hivi.

Chagua kozi ambayo faundesheni iko ndani ya digrii, chuo kilekile, CAS moja ya miaka yote, yaani ule uthibitisho wa chuo unaoombea viza. Uliza kwa maandishi alama za kutoka faundesheni kwenda mwaka unaofuata, maana kuna kozi kufaulu ni 40 lakini kuendelea na sayansi ya tiba wanataka 60 hivi au juu yake, watu wanafaulu na bado wanahamishiwa kozi nyingine au wanarudishwa nyumbani na cheti cha kufaulu mkononi. Kemia usiidharau, hesabu za mole na za kuzimua myeyusho (daileusheni) ndo zinaangusha watu, baiolojia mtaikariri. Kuandika asainmenti na kutaja vyanzo kunaangusha hata wanaojua, huku kunakili aya ya mtu ni kesi.

Mwaka wa faundesheni usifanye kazi kabisa. Utafanya, najua, kodi ya nyumba haisubiri. Basi fanya wikiendi tu.

Kama unachotaka ni maabara ya hospitali, achana na hii yangu uende sayansi ya baiomedikali iliyoidhinishwa na IBMS, chama cha wanasayansi wa maabara za tiba, ukae na mafunzo ndani ya maabara ndo HCPC, wanaosajili wataalamu wa afya wa aina hiyo, wakusajili. Sayansi ya tiba nyingi hazina hiyo idhini, mimi natoka na digrii nzuri na bado natakiwa niongeze masomo kabla sijafikiriwa kusajiliwa. Hii hawakuambii kwa sababu wakala analipwa na chuo kwa kichwa, sio kwa ulikoishia.

Na kwenye bajeti ya kiwanja weka bima ya afya ya serikali, 776 kwa kila mwaka na inalipwa yote mkupuo mmoja na ombi la viza, kwa kozi ya miaka minne ni zaidi ya pauni 3,000 kabla hujaonja hata baridi. Baridi wala sitaiongelea, koti linauzwa.

Ile ya "ukimaliza utabaki tu": ukimaliza digrii unapata viza ya kutafuta kazi, sa hivi ni miaka miwili, wanaoomba kuanzia Januari 2027 ni miezi 18, na wewe utakuwa kundi hilo. Kuajiri walezi wa wazee kutoka nje kulifungwa Julai 2025, kwa iyo binamu anayesema utahamia huko naye mwambie habari zake zimelala.

Baba mdogo, naomba kiwanja kisiuzwe kwanza. Kama alama za dogo zinamruhusu kusoma udaktari hapo hapo nyumbani, kiwanja kitamfikisha mbali zaidi huko kuliko huku, na atatoka daktari kweli. Kama hazimruhusu, huku pia hazitamruhusu, ndo nachojaribu kusema toka juu.

Dogo, usinune. Una kichwa kuliko mimi na ukija utafika uwanjani utanikuta, kitanda tutabanana. Ila kabla ya hapo nipigie picha hiyo barua ya ofa kurasa zote, hasa ile ya masharti yenye maandishi madogo, na namba ya kozi. Picha zionekane, sio voisi ya dakika tisa. Alhamisi na Ijumaa usiku niko shifti, Jumapili mchana nitapiga mimi, na wakala awepo kwenye simu kama ana ubavu.